Wayland, mpima miamba aliyetangulia bomba la Chongoleani

Jahazi linalotoka Moa kupeleka samaki na nazi Tanga mjini huipita rasi ya Chongoleani kabla ya kuingia bandarini. Rasi hiyo ndiyo mwisho wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lililopangwa kuwa na urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko Tanzania. Wengi huanza habari ya bomba hilo mwaka 2016, Tanga ilipochaguliwa. Lakini yapata miaka 90 kabla ya hapo, mtumishi mmoja wa serikali alikuwa akipita kandokando ya Ziwa Albert na nyundo yake.

Edward James Wayland, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1888, alikuwa amefanya kazi Msumbiji na Ceylon (leo Sri Lanka) kabla ya kufika Uganda mwaka 1919 kuanzisha Idara ya Jiolojia huko Entebbe. Serikali ya kikoloni haikumleta kwa kuwahurumia wakulima. Ilitaka madini ya kuuza. Hata hivyo yeye aliandika kila alichokiona, hata visivyo na bei. Zana za mawe za watu wa kale alizozikuta Sango Bay, karibu na mpaka wa Tanzania, zimeupa jina utamaduni unaotajwa na wanaakiolojia mpaka leo.

Kando ya Ziwa Albert aliona mafuta yakivuja ardhini. Wenyeji waliyajua siku nyingi. Alichofanya yeye ni kuorodhesha mahali pa mivujo na kueleza matabaka ya miamba, na mwaka 1925 idara yake ikaichapa ripoti hiyo. Mwaka 1938 kampuni moja ilichimba kisima Butiaba, zaidi ya mita 1,200 kwenda chini, ikaambulia dalili tu. Mwaka uliofuata vita vikuu vikaanza, kazi ikalala.

Mfanyabiashara yeyote angefunga hesabu hapo, na angekuwa na haki. Mtaji wa mtu binafsi una riba na hauwezi kungoja vizazi viwili. Ripoti ya serikali ilibaki kabatini ikiwa mali ya umma, haidai riba wala posho. Uganda ilipopima bonde hilo kwa ndege mwaka 1983, kisha ikasomesha wataalamu wake, ilijua pa kuanzia. Mwaka 2006 mafuta ya kuuzika yakapatikana kwenye kisima cha Mputa, miaka 81 baada ya ripoti. Faida nyingine ilikuwa mezani: nchi yenye takwimu zake hujua inauza nini, na isiyo nazo ni kama mkulima anayeuza korosho bila mizani.

Si kila alilowaza Wayland lilisimama. Aliamini kwamba Bonde la Ufa lilitokana na ardhi kubanwa, na wataalamu waliomfuata wakalikataa hilo. Lakini mivujo aliyoiorodhesha haikuhama. Aliondoka Uganda mwaka 1939, baadaye akafanya kazi Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, na akafariki mwaka 1966 bila pipa hata moja la mafuta hayo kuuzwa.

Tanganyika nayo ilianzisha idara yake ya jiolojia mwaka 1925, mwaka uleule wa ripoti ya Wayland, makao yakiwa Dodoma. Mrithi wake ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yaani GST. Kwa watu wa Mkinga jambo hili si la mafuta peke yake. Mawe ya chokaa ya ukanda huu wa pwani ndiyo malighafi ya kiwanda cha saruji cha Pongwe kilichoanza uzalishaji mwaka 1980. Na mkulima wa Moa anayetaka kuchimba kisima bila kuangukia maji ya chumvi anaweza kuanza kwa kuuliza GST ramani ya miamba ya eneo lake, kabla hajamlipa mchimbaji.