Al-Kindi, mwerevu aliyeligangua fumbo

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii twaitumia sana barazani, na aghalabu tunakusudia vijembe na mashairi ya mafumbo. Leo nataka kumzungumzia mtu aliyeichukua kazi hiyo ya kugangua mafumbo akaifanya elimu yenye kanuni zake, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, katika mji wa Baghdad. Naye ni Abu Yusuf Yaqub bin Is'haq al-Kindi.

Nimemchagua huyu kwa sababu siku hizi mazungumzo ya simu na siri hayatuishi. Kila mwenye simu mkononi hujiuliza ni nani awezaye kuzisoma barua zake na ni nani alijuaye salio lake. Wengi wetu twadhani elimu ya kuficha na kufichua maandishi ilizaliwa juzi, tena na watu wa mbali wasiotuhusu. Sivyo hata kidogo.

Al-Kindi alizaliwa yapata mwaka 801 katika mji wa Kufa, nchini Iraq. Ukoo wake ulikuwa wa kabila la Kinda, Waarabu waliosifika kwa ufalme kabla ya Uislamu, na baba yake alikuwa liwali wa Kufa. Kijana alisomeshwa huko kwao, kisha akaenda Baghdad, iliyokuwa bahari ya elimu zama hizo. Khalifa Al-Maamun, aliyetawala tangu 813 hadi 833, alikuwa ameshughulika kuvikusanya na kuvifasiri vitabu vya Wayunani, Waajemi na Wahindi. Al-Kindi aliingia katika kazi hiyo, akawasimamia wafasiri na kuitengeneza lugha yao. Khalifa aliyefuata, Al-Muutasim, alimkabidhi mwanawe Ahmad ili amsomeshe.

Msimamo wake ulikuwa kwamba haki ni haki, hata ikitoka kwa watu wa mbali wasio wa dini yetu, na kwamba Mwislamu hapungukiwi na kitu kwa kuipokea. Aliandika vitabu na risala zaidi ya 200, kwa mujibu wa orodha ya Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad wa karne ya 10. Aliandika juu ya falsafa, tiba, muziki, hesabu za Kihindi, panga, namna ya kutengeneza marashi, na hata sababu ya maji ya bahari kujaa na kupwa.

Lakini risala ninayoikusudia ni ile aliyoiandika kuhusu kuyafichua maandishi ya fumbo. Dola ya Bani Abbas ilikuwa na makarani wengi na barua zilizosafiri mbali, na si kila barua ilitakiwa isomwe na kila mtu. Kabla yake, Al-Khalil bin Ahmad, yule bingwa wa elimu ya arudhi mwenye asili ya Oman, alikwisha kulifumbua fumbo la Kiyunani kwa kukisia kwamba barua ilianza kwa jina la Mungu. Al-Kindi yeye alitaka njia isiyotegemea bahati.

Njia yake naieleza kwa Kiswahili chetu. Chukua ukurasa mmoja wa gazeti hili, uhesabu kila herufi. Utakuta a imezishinda zote, kwani maneno yetu mengi huishia kwa irabu, na a ndiyo iliyo nyingi. Sasa tuseme mtu amekuandikia barua ya Kiswahili, akaibadilisha kila herufi kwa alama, a akaifanya nyota, b akaifanya mwezi. Usibabaike. Zihesabu alama zake. Iliyo nyingi kupita zote, yumkini ndiyo a. Endelea hivyo na ya pili na ya tatu, na fumbo litaanza kufunguka lenyewe. Al-Kindi alifanya hivi kwa Kiarabu. Katika maandishi ya herufi 3,667 alikuta alif mara 600 na lamu mara 437. Alionya kwamba barua isiwe fupi mno, na akafundisha pia kuziangalia herufi zisizokaa pamoja.

Aliyatenga mafumbo kwa aina zake. Aina moja ni ile ya kubadilisha herufi, na nyingine ni ya kuzipangua tu. Hii ya pili watu wa pwani wanaijua, kwani ndiyo kinyume wanachochezea watoto, mbuzi ikawa zimbu. Ukihesabu, herufi zote zimo kwa idadi yake ileile. Ni mahali tu palipobadilika. Hivyo hesabu humwambia mganguzi ni fumbo la aina gani analokabiliana nalo.

Mtu huyu aliyeweza kuifungua siri ya kila mmoja, yake hakuweza kuilinda. Katika ukhalifa wa Al-Mutawakkil, walitokea ndugu wawili, Muhammad na Ahmad, wana wa Musa bin Shakir. Hawakuwa wajinga. Walikuwa mabingwa wa hesabu, na kitabu chao cha mitambo ya ajabu kingali chasifiwa hadi leo. Ila husuda haimchagui msomi wala asiyesoma. Walimfitini Al-Kindi kwa khalifa mpaka akapigwa, na maktaba yake yote ikachukuliwa na kupelekwa Basra. Kwa mwanachuoni, hilo ni sawa na kung'olewa moyo. Vitabu vyake, daftari zake na fikira zake za faraghani, vyote viliingia mikononi mwa mahasimu wake.

Mungu si Athumani. Khalifa aliwapa ndugu wale kazi ya kuchimba mfereji wa kupeleka maji katika mji wake mpya karibu na Samarra. Wao wakamwachia Al-Farghani, naye akakosea, akauchimba mdomo wa mfereji kwenda chini kuliko sehemu nyingine, hata maji yasiweze kupita ila mto ukijaa. Khalifa akamtuma mhandisi Sanad bin Ali akague, na adhabu ikawa ni kifo. Ndugu wakamwangukia Sanad miguuni. Sanad naye hakuwa rafiki wa Al-Kindi, lakini aliona dhuluma ni dhuluma. Aliwashurutisha kwanza wavirudishe vitabu vyote, na walete hati ya Al-Kindi mwenyewe kuthibitisha kwamba amevipokea. Walipofanya hivyo, alimwambia khalifa kwamba mfereji hauna kasoro, kwani mto Tigris ulikuwa umejaa na ungelificha kosa kwa miezi minne. Muda huo haukutimia. Al-Mutawakkil aliuawa mwaka 861, na ndugu wakasalimika.

Al-Kindi alifariki Baghdad yapata mwaka 873. Risala yake ya mafumbo ilijificha kwa karne nyingi, mpaka nakala yake ikapatikana Istanbul, na mwaka 1987 wataalamu wa Damascus wakaichapisha.

Wapo watakaouliza ina faida gani kwetu leo. Ni kweli kwamba fumbo linalotumiwa na simu za siku hizi limetengenezwa makusudi ili hesabu ya herufi isifue dafu mbele yake. Hata hivyo mimi naona Al-Kindi hajapitwa. Alichogundua ni kwamba mazoea yana alama zake, na mwenye kuzihesabu hana haja ya kuambiwa siri. Simu yaweza kuyaficha maneno, lakini kuna wajuao umempigia nani, saa ngapi, mara ngapi, na ulikuwa wapi. Anayempigia daktari mmoja mara tano kwa wiki, hata neno lake moja lisiposikika, amekwisha kusema mengi. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, nalo ni jambo jema, ila sheria haiwezi kumlinda anayeyaanika mazoea yake mwenyewe kila siku.

Na la pili ni lile lililompata yeye. Maktaba yake haikuchukuliwa na mganguzi wa mafumbo. Ilichukuliwa kwa fitina ya watu waliomjua. Vivyo hivyo wezi wa fedha za simu hawahangaiki kulivunja fumbo. Humpigia mtu kwa sauti tamu, naye akawatajia namba yake ya siri kwa ulimi wake.

Dini yetu imetukataza kupelelezana na imetuamrisha kubisha hodi. Tukimkumbuka Al-Kindi, tukumbuke pia kwamba mlango ni wetu, na ufunguo twaushika wenyewe. Mwenyezi Mungu amrehemu.