BARONI ALIYEBEBA DUNDU

Mkimwona dundu akisukuma donge la mavi kinyumenyume, msimcheke. Kuna mmoja wa ukoo wake aliyeingia vitabuni kwa sababu ya safari za mtu aliyepita hapa hapa Mombasa.

Mtu huyo ni Baroni Carl Claus von der Decken. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1833. Alikuwa askari, kisha akaacha jeshi, akafika Unguja mwaka 1860. Mwaka 1861 alitoka Mombasa kwenda Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, Mwingereza mjuzi wa mawe, na wapagazi wao. Mwaka 1862 alirudi mlimani na Otto Kersten, wakapanda kupita mita 4,000, theluji ikawaangukia. Na kumbe kule Ulaya kulikuwa na mabingwa waliokataa katakata kwamba karibu na ikweta kuna theluji!

Lakini hawakwenda kupanda mlima tu. Njiani walipima nchi ili ichorwe ramani, wakakusanya mimea, ndege na wadudu. Wadudu wakaandikiwa walikopatikana: Mombasa, Vanga, Ndara kule Taita, Ziwa Jipe. Hapo ndipo penye siri. Mdudu asiyejulikana alikotoka ni mzoga mkavu tu. Anayejulikana alikotoka ni nukta kwenye ramani, na nukta zikiwa nyingi, twajua aina yake yaishi wapi na imetoweka wapi.

Baroni mwenyewe hakuyaona matunda. Mwaka 1865 meli yake, Welf, iliharibika katika mto Juba, naye akauawa Bardera. Alikuwa na miaka 32 tu.

Je, kazi ilikufa naye? La. Kersten aliyakusanya maandishi yake yakachapishwa. Huko Berlin, mtaalamu Gerstaecker aliwapambanua wale wadudu mmoja mmoja. Mwaka 1871 alitangaza majina mapya, likiwamo la dundu mmoja mbingirisha mavi ambaye leo huitwa Scarabaeus catenatus. Baroni naye amebaki katika jina la hondohondo mmoja wa nyika zetu, Tockus deckeni.

Basi vijana wenzangu wa Tononoka, sisi hatuhitaji meli. Daftari na penseli vyatosha. Ukimwona mdudu, andika: ni yupi, wapi, lini. Mwenye kuandika hufa, alichoandika kikabaki.