Louis Braille, msaidizi wa mwalimu

Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 kijijini Coupvray, Ufaransa, babake akiwa fundi wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na miaka mitatu alichezea chuma cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho; maradhi yakahamia jicho la pili, akapofuka kabisa.

Mwaka 1819 alitiwa katika shule ya vipofu ya Paris. Vitabu vya huko vilikuwa vichache na vizito, vyenye herufi zile zile za wenye macho, ila zimetunishwa zipapaswe. Kusoma kulikuwa taabu. Kuandika, ndiyo usiseme. Louis akazichukua nukta 12 za afisa wa jeshi, Charles Barbier, akazifanya 6, kidole kimoja kikatosha kuigusa herufi nzima. Alikuwa na umri wa miaka 15 tu.

Mwaka 1828 akafanywa msaidizi wa mwalimu shuleni humo humo, na 1833 mwalimu kamili. Alifundisha sarufi, jiografia, hesabu na muziki, lakini kuamua watoto wasome hati gani hakukuwa kazi yake. Dufau, aliyeshika ukurugenzi mwaka 1840, alizipiga marufuku nukta hizo. Naye, bila shaka, alikuwa na macho yake mawili! Wanafunzi wakaendelea kuandikiana kwa siri.

Braille alifariki mwaka 1852 kwa kifua kikuu. Ufaransa ilizikubali nukta zake rasmi mwaka 1854. Leo Qurani Tukufu nayo husomwa kwa nukta hizo, na kinyume cha hati ya Kiarabu, kidole huanzia kushoto kwenda kulia.