Alan Turing na ukaguzi wa programu

Alan Turing alizaliwa London mwaka 1912, na wengi humkumbuka kwa kazi ya Bletchley Park, alikosaidia kufumbua ujumbe wa siri wa jeshi la Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili. Sisi leo tunamtazama kwa jambo lisilosemwa sana, ingawa linamhusu kila anayetuma pesa kwa simu: utajuaje kwamba programu haitakosea?

Juni 24, 1949, kompyuta zikiwa bado chache mno duniani, Turing alilieleza jambo hilo mkutanoni Cambridge. Alianza na hesabu ya kujumlisha tu. Chukua 347, 285 na 196. Ukimpa mkaguzi jibu peke yake, 828, itambidi arudie kazi yote. Lakini ukimwandikia jumla ya kila safu, yaani 18 za mamoja, 21 za makumi na 6 za mamia, kila kipande kinakaguliwa peke yake, hata na watu tofauti.

Programu nayo ifanyiwe hivyo, alisema. Mwandishi aonyeshe, hatua kwa hatua, ni kitu gani lazima kiwe kweli mashine inapofika pale. Mkaguzi athibitishe kwamba kila hatua inafuata iliyotangulia. Kisha athibitishe kuwa mashine itasimama, kwa kuonyesha kiasi fulani kinachopungua kila mzunguko, mithili ya magunia yanayoshushwa kwenye lori. Kujaribu programu mara 10 ikapatia hakutuhakikishii mara ya 11.

Kwa bahati mbaya, maandishi hayo ya kuzuia makosa yalichapishwa yakiwa yamejaa makosa, na wachache waliyajali.

Mwaka 1952 Turing alitiwa hatiani kwa uhusiano na mwanamume mwenzake, kosa la jinai Uingereza wakati huo, akakubali kudungwa homoni ili asifungwe. Alikufa Juni 7, 1954, kwa sumu ya sayanidi, akiwa na miaka 41. Uchunguzi ulisema alijiua. Msamaha wa kifalme ulikuja mwaka 2013, miaka 59 baada ya kifo chake.

Wazo lake liliibuka upya mwaka 1967 kwa Mmarekani Robert Floyd, na mwaka 1969 Mwingereza Tony Hoare akaliendeleza. Treni zisizo na dereva za njia ya 14 mjini Paris, zilizoanza mwaka 1998, zinategemea programu zilizothibitishwa kihisabati namna hiyo.