William Thomson, Bwana Kelvin (1824–1907)

William Thomson alizaliwa tarehe 26 Juni, 1824, katika mji wa Belfast, Ireland. Alifiwa na mama yake angali mdogo. Mwaka 1832 baba yake, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, akahamia huko pamoja na watoto wake. William alianza kuhudhuria masomo ya chuo hicho akiwa na umri wa miaka kumi. Jambo hili lisikustaajabishe mno, maana siku hizo vyuo vya Uskoti vilipokea hata watoto. Mwaka 1846, akiwa na umri wa miaka 22, akawa profesa wa chuo hichohicho, akafundisha hapo kwa miaka 53.

Jambo lililomshughulisha sana lilikuwa joto. Wataalamu wengi wa wakati ule walidhani kwamba joto ni kitu kisichoonekana, kitiririkacho kama maji. Mwaka 1847, katika mkutano huko Oxford, Thomson alimsikia James Joule akieleza kuwa kazi yaweza kugeuka joto. Joule alikuwa amepima joto litokealo maji yanapokorogwa. Thomson hakukubali upesi. Aliyatafakari maelezo hayo kwa miaka kadhaa, na hatimaye akaridhika kwamba Joule alikuwa na haki.

Ukiacha kikombe cha chai mezani, chai hupoa. Joto hutoka penye joto kwenda penye baridi, wala hakuna aliyepata kuona chai iliyopoa ikajichemsha yenyewe. Mwaka 1851 Thomson alieleza kanuni hii, na mwaka uliofuata akaenda mbele zaidi. Pampu hupandisha maji kutoka kisimani, ingawa maji kwa asili yake huteremka. Je, joto nalo haliwezi kupandishwa hivyo? Thomson alionyesha kwa hesabu kwamba mashine ibanayo hewa na kuitanua yaweza kuhamisha joto kutoka penye baridi hadi penye joto, na hivyo kutia nyumba joto au kuipoza. Lakini mashine hiyo lazima ifanyiwe kazi.

Jokofu ni pampu ya joto. Ndani ya mabomba yake kimiminika hugeuka gesi, na kwa kufanya hivyo hunyonya joto la vyakula. Kompresa huibana gesi hiyo, nayo hulitoa joto lile nje, kisha hurudi kuwa kimiminika. Ukiweka kiganja karibu na mgongo wa jokofu katika duka la Segerea, Dar es Salaam, utahisi joto lililotoka ndani. Themostati ndiyo ihisiyo ubaridi: ubaridi ukitosha, hukata umeme, joto likizidi, huurudisha.

Katika zahanati chanjo nyingi za watoto hutunzwa katika joto la nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Jokofu lisipopoza, watu husema upesi kwamba gesi imekwisha. Usemi huo usipokewe kabla ya uchunguzi. Gesi ya jokofu haiishi kama mafuta ya taa katika koroboi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, wala haipungui ila pakiwa na tundu. Fundi mwangalifu hutazama kwanza kama umeme unafika, themostati imewekwaje, na mlango unafunga barabara. Kisha hutazama mgongoni. Ikiwa jokofu limesukumwa hadi ukutani, au vumbi limefunika mabomba, joto halina pa kutokea, na kompresa itanguruma mchana kutwa bila faida. Miezi ya joto, Desemba hadi Machi, taabu hiyo huzidi.

Kuna na hitilafu ya kinyume. Themostati iliyoharibika yaweza kuacha kukata umeme, na jokofu likagandisha. Chanjo ya pepopunda ikiganda huharibika, na kwa kuitazama tu si rahisi kujua. Kwa sababu hiyo wauguzi husoma kipimajoto cha jokofu asubuhi na jioni na kuandika.

Kupima joto ndiko kulikolidumisha jina la Thomson. Mwaka 1848 alipendekeza kipimo ambacho sifuri yake ni baridi ya mwisho kabisa, yaani karibu nyuzi 273 chini ya joto la barafu inayoyeyuka. Alisaidia pia kulaza waya wa simu za maandishi chini ya bahari ya Atlantiki, kazi iliyofanikiwa mwaka 1866. Umri wa dunia aliukosea, akaukadiria kuwa mdogo mno. Mwaka 1892 alipewa cheo cha Bwana Kelvin, kwa jina la mto upitao karibu na chuo chake.

Alifariki tarehe 17 Desemba, 1907, akazikwa Westminster Abbey, London, karibu na kaburi la Isaac Newton. Majokofu ya nyumbani yalienea baada ya kufa kwake. Kipimo chake sasa hutumiwa na wanasayansi duniani kote, nacho huitwa kelvini. Kwa kipimo hicho, jokofu la chanjo hutakiwa kuwa kati ya kelvini 275 na 281, kwa kukadiria.