Marie Curie: mwanasayansi wa radiumu ambaye mifupa yake iliacha kutengeneza damu

Tarehe 4 mwezi wa saba mwaka 1934, Marie Curie aliaga dunia huko Sancellemoz, katika milima ya Alpes nchini Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 66. Alipelekwa huko kwa sababu madaktari walidhani anaugua kifua kikuu. Vipimo vya damu vilionyesha jambo lingine: uboho wake, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa, ulikuwa umeshindwa kutengeneza damu.

Alizaliwa mwaka 1867 mjini Warsaw, Poland, kwa jina la Maria Skłodowska. Wakati ule mji huo ulitawaliwa na Urusi, na wanawake hawakuruhusiwa kuingia chuo kikuu. Alifundisha watoto katika nyumba za matajiri ili kumlipia dada yake masomo ya udaktari mjini Paris. Mwaka 1891, naye akamfuata.

Mwaka 1895 aliolewa na Pierre Curie, na mwaka 1898 wawili hao walitangaza ugunduzi wa poloniumu na radiumu. Walifanya kazi katika kibanda kilichovuja mvua, Marie akichemsha mawe ya uraniumu kwa tani. Mwaka 1902 alipata sehemu moja tu ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiumu. Usiku vichupa viling'aa gizani, nao walipenda kuvitazama. Vidole vyao viliungua, lakini hawakuwa na kinga yoyote.

Mwaka 1903 walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Henri Becquerel. Pierre alikufa mwaka 1906, alipogongwa na gari la farasi. Marie aliendelea peke yake, na mwaka 1911 akapata Nobel ya pili, ya kemia.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, alitayarisha magari yenye mashine za eksirei ili kutafuta risasi katika miili ya askari. Yeye mwenyewe alienda karibu na mapigano, akisaidiwa na binti yake Irène, kijana wa miaka 16 wakati vita vilipoanza.

Baada ya vita, sehemu kubwa ya radiumu ya dunia ilitoka Congo. Mawe ya Shinkolobwe, katika Katanga, yalisafirishwa na kampuni ya Union Minière hadi Olen, Ubelgiji, ambako radiumu ilianza kutengenezwa mwaka 1922. Ilitumiwa kutibu kansa.

Lakini miale ile ile inayoua kansa huumiza pia uboho. Humo ndani, chembe mama hugawanyika bila kupumzika ili kutoa chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa, na zile zinazozuia damu kumwagika. Miale ikizipiga chembe mama mara kwa mara, nyingine hufa, nyingine huharibika na kuzaa kansa ya damu. Maumivu hayasikiki siku hiyo. Yanaweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Radiumu ikiingia mwilini ni mbaya zaidi, kwa sababu inafanana na kalsiamu na hukaa ndani ya mifupa.

Kwa muda mrefu Marie hakutaka kukubali kwamba radiumu ilikuwa inamdhuru, ingawa macho yake yalifanyiwa operesheni na uchovu haukumwacha. Mwaka 1995, mwili wake ulipohamishiwa Panthéon mjini Paris, wataalamu walipima mabaki na kukuta miale kidogo tu. Waliona kwamba huenda eksirei za wakati wa vita ndizo zilichangia zaidi ugonjwa wake.

Irène, aliyepiga eksirei hizo pamoja na mama yake na baadaye akapata naye tuzo ya Nobel, alikufa kwa kansa ya damu mwaka 1956, akiwa na miaka 58.

Madaftari ya Marie bado yanatoa miale na yamewekwa katika masanduku ya risasi. Shinkolobwe nako, serikali ilikataza uchimbaji wa mikono mwaka 2004. Jiwe la uraniumu halichomi mkono wa anayelibeba, na Marie Curie, aliyelijua kuliko wengi, naye halikumpa onyo la mapema.