Norman Kerr

Norman Shanks Kerr (Glasgow, Uskoti, 17 Mei 1834 – Hastings, Uingereza, 30 Mei 1899) alikuwa daktari aliyeanzisha na kuongoza chama cha kwanza cha kitaalamu nchini Uingereza kilichochunguza ulevi kama ugonjwa. Chama hicho kiliundwa London mwaka 1884 na kipo hadi leo. Kerr alikuwa rais wake wa kwanza, akakaa katika nafasi hiyo mpaka alipofariki.

Maisha ya awali

Kerr alikuwa mwana wa mfanyabiashara. Kabla ya kuwa daktari alijikimu kwa uandishi wa habari katika mji wake wa Glasgow. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow, akahitimu mwaka 1861, kisha akafanya kazi kama daktari wa meli za barua zilizokwenda Kanada.

Mwaka 1874 alihamia London. Huko aliajiriwa kuwa daktari wa parokia ya St Marylebone, kazi ya kuwatibu watu maskini kwa gharama ya umma, na aliifanya kwa zaidi ya miaka 20.

Utafiti kuhusu vifo

Tangu ujana wake Kerr hakunywa pombe kabisa, na alishiriki katika harakati za kupinga ulevi. Hata hivyo hakukubali kila lililosemwa na wenzake. Wahubiri wa harakati hizo walikuwa wakidai kwamba pombe inaua watu 60,000 kila mwaka nchini. Kerr aliona idadi hiyo imetiwa chumvi, akaamua kuipima kwa kuchunguza vifo vya wagonjwa wake mwenyewe na wa madaktari wengine. Matokeo yalikuwa kinyume cha alivyotarajia: aliona kwamba idadi iliyotajwa ilikuwa ndogo kuliko hali halisi, hasa wakihesabiwa pia waliokufa kwa sababu ya ulevi wa watu wengine.

Kuanzishwa kwa chama

Wakati huo watu wengi walihesabu ulevi kuwa dhambi au kosa la jinai. Mlevi alihubiriwa kanisani au alifungwa jela siku chache, kisha akarudi kwenye chupa. Nchini Marekani madaktari walikuwa wameunda chama chao tangu mwaka 1870 ili kutetea tiba. Kerr alifuata mfano huo.

Chama chake kilipoanza kiliitwa chama cha kuchunguza na kuponya ulevi. Baada ya miaka michache neno la kuponya liliondolewa, likabaki la kuchunguza tu. Uanachama kamili ulikuwa wa madaktari peke yao. Watu wengine walipokewa kama washiriki. Hakikuwa chama cha kuwaapisha watu waache pombe, bali cha kukusanya ujuzi wa kitabibu. Mwaka 1887 Kerr aliongoza mkutano wa kimataifa kuhusu ulevi uliofanyika London.

Mafundisho yake

Kitabu chake kikuu, Inebriety, kilitolewa mwaka 1888. Ndani yake Kerr alifundisha kwamba mraibu anasukumwa na tamaa isiyozuilika ya kulewa, ambayo aliiita narkomania, na kwamba mara nyingi udhaifu huo hurithiwa. Hakuzungumzia pombe peke yake: alijumuisha afyuni, klorali, klorofomu, etha na kokeini.

Tiba aliyoipendekeza ilikuwa kuacha kileo mara moja, kula vizuri, kupumzika na kukaa kwa muda mrefu katika nyumba maalumu. Mgonjwa aliyepata nafuu alipaswa kutogusa tena kileo maisha yake yote. Kerr mwenyewe alikuwa daktari mshauri wa nyumba ya Dalrymple iliyoko Rickmansworth.

Sheria za walevi

Kerr aliongoza kamati ya Chama cha Madaktari cha Uingereza iliyoshughulikia sheria za walevi. Sheria ya mwaka 1879 iliruhusu mlevi kujifungia kwa hiari katika nyumba ya tiba kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Ilimlazimu kutia sahihi mbele ya mahakimu wawili, na akishasaini hakuweza kuondoka kabla ya muda wake kwisha. Mwaka 1888 sheria hiyo ilifanywa ya kudumu.

Kerr aliona kasoro kadhaa. Nyumba hizo zilikuwa za watu binafsi na zilitoza malipo, hivyo maskini hawakuweza kuzitumia. Tena sheria ilihusu wanywaji wa vileo tu, ikawaacha watumiaji wa dawa nyingine. Zaidi ya hayo, alitaka walevi waliokataa tiba waweze kulazimishwa.

Sheria ya mwaka 1898 ilileta ulazima, lakini kwa waliohukumiwa mahakamani. Mtu aliyepatikana na hatia ya ulevi mara 4 katika miezi 12 aliweza kupelekwa katika nyumba ya marekebisho kwa muda wa hadi miaka 3. Wengi waliofungiwa humo walikuwa wanawake maskini. Hivyo hoja ya kwamba mlevi ni mgonjwa ilitumika kuwaweka kizuizini kwa muda mrefu kuliko vifungo vya zamani. Kerr hakuishi kuona matokeo hayo, kwa kuwa alifariki miezi michache baada ya sheria hiyo kuanza kutumika. Nyumba hizo zilififia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Urithi

Siku hizi chama cha Kerr kinajulikana kama chama cha uchunguzi wa uraibu. Jarida lake, lililoanza mwaka 1884 kama taarifa za mikutano, linaitwa Addiction tangu mwaka 1993, nalo ni kongwe kati ya majarida ya fani hiyo yanayoendelea kuchapishwa. Wazo la kwamba mraibu anahitaji daktari linakubaliwa na wengi. Swali la kama inafaa kumtibu mtu bila hiari yake bado linajadiliwa.